Wameksiko wa Japani: watu elfu tatu wasio na mtaa wao

Binti wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ukifunguliwa uzi wa ughaibuni humu tunajizungumzia wenyewe: viza zetu, maboksi tunayobeba, pesa tunazotuma nyumbani. Leo naomba nafasi niwaeleze habari za watu wengine, kwa sababu nimekaa nao jirani na nimewapenda.

Nipo mkoa wa Aichi, Japani, mwaka wa saba sasa, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Tangu 2019 napakana ukuta na Mmeksiko mmoja, mwenyeji wa Puebla, pamoja na mkewe Mjapani na binti yao. Mimi Kihispania sikijui, yeye Kiswahili hakijui, kwa hiyo tunaongea Kijapani, lugha ambayo kila mmoja wetu aliikuta ukubwani. Tumeombana chumvi kwa Kijapani, tumepeana pole kwa Kijapani.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake ni uchache. Ukisema "Walatino wa Japani" watu wote huwaza Wabrazili, na hawakosei: Wabrazili ni zaidi ya 200,000, Waperu zaidi ya 45,000. Wameksiko je? Takribani 3,000, nchi nzima, kuanzia Hokkaido mpaka Okinawa. Na nchi yao ina watu zaidi ya milioni 120! Wajapani wanaoishi Meksiko ni wengi zaidi kuliko Wameksiko wanaoishi Japani, tena kwa mbali.

Kwa nini? Jibu liko kwa mababu. Mwaka 1899 meli ya Sakura Maru ilipeleka Wajapani mashambani Peru, na 1908 Kasato Maru ikawapeleka Brazili kwenye kahawa. Wakazaana huko. Juni 1990 sheria mpya ya uhamiaji ya Japani ikaanza kutumika, nayo ikawaruhusu watoto na wajukuu wa wahamiaji wale kuja kuishi na kufanya kazi yoyote. Viwanda vilikuwa vinalia njaa ya watu, wakaja kwa ndege zilizojaa. Meksiko nayo ilipokea Wajapani mapema, mwaka 1897, koloni la kahawa huko Chiapas lililoanzishwa kwa juhudi za Enomoto Takeaki, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Japani. Lakini walikuwa watu thelathini na ushei tu. Koloni likavunjika, waliobaki wakaoa huko huko upande wa Acacoyagua na Escuintla. Wengine walifuata baadaye, ila hawakufikia wingi wa Brazili. Kwa hiyo mlango wa 1990 ulipofunguliwa kwa wajukuu, Meksiko haikuwa na wajukuu wengi wa kupita.

Matokeo yake unayaona kila siku. Hapa Aichi, na Hamamatsu kule mkoa wa jirani, Mbrazili ana duka lake, kanisa lake, shule ya mwanawe kwa Kireno, na fomu za manispaa kwa Kireno. Mmeksiko hana mtaa. Jirani yangu akiingia ofisi ya manispaa, karani anamtazama uso, anatabasamu kwa ukarimu wote, halafu anamletea fomu ya Kireno. Anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru, na kuomba ya Kijapani.

Nitaendelea. Nasikiliza maswali pia.

Fundi Kirumba

Naweka mkeka hapa hapa, dada. Swali langu: kama hawakuingilia mlango wa wajukuu, waliingilia wapi? Au ni ile programu ya mafunzo ya ufundi inayochukua vijana wa Asia?

Binti wa Pangani

Hapana mkuu, ile imejaa vijana wa Vietnam, Indonesia, Ufilipino na majirani zao. Mmeksiko humkuti huko kwa wingi. Wengi ninaowajua waliingia kwa shule, kwa magari, au kwa ndoa, na mara nyingi mtu mmoja amezipitia zote tatu.

Shule: mwaka 1971 serikali hizi mbili zilianzisha mpango wa kubadilishana vijana, wanafunzi na mafundi. Toka hapo, mwaka baada ya mwaka, wamekuja kidogo kidogo. Wengine wanakuja kwa ufadhili wa wizara ya elimu ya Japani, ule ule ambao hata sisi tunauomba.

Magari: hapa ndipo penyewe. Kiwanda cha kwanza cha Nissan nje ya Japani kilijengwa Meksiko, Cuernavaca, mwaka 1966. Kikafuata cha Aguascalientes miaka ya themanini. Mkataba wa kiuchumi wa nchi hizi mbili ukaanza kazi Aprili 2005, na 2014 Mazda wakafungua Salamanca na Honda wakafungua Celaya, yote jimbo la Guanajuato. Sasa fikiria kijana wa Guanajuato, kijijini kwao kulikuwa na brokoli na viatu vya León, ghafla msimamizi wake ni Mjapani na mashine zinaongea Kijapani. Anajifunza. Akionekana ana bidii anapelekwa Japani kwa mafunzo ya miezi kadhaa. Wengi hurudi. Wachache hawarudi, au hurudi nyumbani kisha wakaja tena kivyao, kwa kibali cha mhandisi au mkalimani.

Ndoa sina haja ya kueleza. Jirani yangu alikuja 2014 kusoma shahada ya uzamili Nagoya, akapata kazi ya uhandisi, akaoa 2017.

Nataka mlitazame jambo moja. Wabrazili wengi waliletwa na wakala, kundi zima, wakawekwa bweni moja, zamu moja. Mmeksiko huja peke yake. Siku ya kwanza kazini ni yeye na Wajapani arobaini. Ndiyo maana wengi wao Kijapani chao kimenyooka kuliko changu. Hakuna wa kumtafsiria.

Msafiri Yokohama

Bibie, nimekusoma kwa makini. Mimi nipo nchi hii tangu 2006, biashara yangu ni magari yaliyotumika yanayokwenda Dar na Mombasa. Naomba nitofautiane nawe kidogo. Kijapani kinyooke kisinyooke, mgeni ni mgeni. Nilipotafuta nyumba mwaka wa kwanza nilikataliwa mara tano. Wakala alipiga simu mbele yangu, nikamsikia akisema "ni mgeni, lakini anaongea vizuri", kisha akakata simu na kuniinamia. Utafiti wa Wizara ya Sheria uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba karibu wageni 4 kati ya 10 waliotafuta nyumba ndani ya miaka mitano walikuwa wamekataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Hapo hawaulizi kama ni Mmeksiko au Mtanzania. Kwa hiyo hao Wameksiko wako wana lipi la pekee?

Binti wa Pangani

Kaka yangu, uliyoyasema ni kweli tupu na sikubishii hata neno. Nyumba ninayokaa niliipata kwa mdhamini Mjapani, bila yeye ningekuwa bado nahangaika.

La pekee si kwamba wanapokelewa vizuri zaidi. Ni kwamba hawana pa kurudi jioni. Wewe Yokohama una Watanzania, Waganda, Wapakistani wa biashara ya magari, mkikataliwa nyumba mnakutana mnalia pamoja. Nilimuuliza jirani, Mmeksiko wa karibu yuko wapi? Akanijibu kuna mmoja Okazaki, mwingine yuko Gifu lakini amehama. Aibu na upweke unavibeba peke yako, na furaha nayo unaigawa kwa Wajapani au unakaa nayo.

Tazama suala la jina. Wameksiko wana koo mbili, ya baba kwanza, ya mama inafuata, na mara nyingi majina mawili ya ubatizo. Maneno manne. Kibali chake cha ukaazi kinayaandika yote manne kama yalivyo kwenye pasipoti. Benki inayataka kwa silabi za Kijapani na visanduku havitoshi. Zahanati wanachukua neno la mwisho wakidhani ndilo la ukoo, kwa hiyo wanamwita kwa ukoo wa mama yake. Aliniambia siku moja tumekaa ngazini: "Nikiitwa vile nanyanyuka, lakini kila mara nahisi baba nimemwacha nje mlangoni." Mniwekee neno hilo akilini, nitalirudia.

Halafu mtoto. Japani kuna koseki, sajili ya familia. Mgeni hafunguliwi koseki yake. Anaandikwa pembeni kwenye ukurasa wa mkewe, kwenye sehemu ya maelezo. Hadi Julai 2012 mume mgeni kwa kawaida hakuandikwa hata kwenye orodha ya wakazi wa nyumba anayoilipia kodi. Ukisoma karatasi ungedhani mama anaishi na watoto peke yake. Koseki inaruhusu ukoo mmoja tu. Kwa hiyo binti yao manispaa ana ukoo wa mama. Ubalozini Tokyo, kwenye vitabu vya Meksiko, ana ukoo wa baba kisha wa mama. Mtoto mmoja, majina mawili ya kisheria, na yote ni ya kweli. Akifika 20 Japani itamtaka achague uraia. Meksiko kwa upande wake haimnyang'anyi uraia aliyezaliwa nao.

Sikatai, ukuta upo. Ninachosema ni kwamba wao wanaishi ndani ya ukuta huo, mezani na kitandani na Wajapani, kwa sababu hawana ukuta wao wa pili wa kujikinga nao.

Msafiri Yokohama

Hapo kwenye karatasi ya wakazi umenigusa. Rafiki yangu mmoja alikuwa hivyo, jina lake halikuwepo. Naendelea kusoma.

Mvita Nyumbani

Dadangu, shukrani kwa uzi huu. Mie niko Mombasa, na kwetu habari za watu waliotupwa na bahari si ngeni. Nilipata kusikia kwamba Meksiko ina mtakatifu aliyeuawa Japani. Ni kweli ama ni hadithi? Na hawa watu walijuana lini hasa, kabla ya magari?

Binti wa Pangani

Ni kweli, na nimefurahi umeuliza, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilibaki kinywa wazi.

Anaitwa Felipe de Jesús, mzaliwa wa mji wa Meksiko. Alikuwa Manila, mtawa wa Kifransisko, na akapanda meli San Felipe mwaka 1596 arudi kwao kupewa upadri. Alikuwa anarudi nyumbani, ndugu yangu. Dhoruba ikaisukuma meli mpaka Tosa, kisiwa cha Shikoku. Kukatokea mvutano juu ya shehena, Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani wakati huo, akakasirika na wamisionari, na tarehe 5 Februari 1597 watu 26 wakasulubiwa kilima cha Nishizaka, Nagasaki. Wengi wao walikuwa Wajapani. Felipe alikuwa miongoni mwao. Akatangazwa mtakatifu 1862, wa kwanza kutoka Meksiko, na pale Nishizaka leo kuna kanisa lenye jina lake.

Meli zile zilikuwa zinafanya nini karibu na Japani? Wewe wa Mvita utanielewa upesi, maana ni mambo ya pepo, kama kaskazi na kusi. Kutoka Manila kwenda Acapulco, bandari ya Meksiko, huwezi kukata moja kwa moja mashariki, upepo unakupinga. Unapanda kwanza kaskazini, usawa wa Japani, unashika mkondo wa Kuroshio na pepo za magharibi, ndipo unavuka Pasifiki. Kwa hiyo kila mwaka meli zilipita kando ya Japani, na dhoruba ikikukuta pale, basi.

Ndivyo ilivyotokea 30 Septemba 1609. Meli ya San Francisco, watu 373, ikapasukia miamba ya Iwawada, ambako leo ni mji wa Onjuku, mkoa wa Chiba. Walikufa 56. Walisalimika 317. Ndani yake alikuwemo Rodrigo de Vivero, mzaliwa wa Hispania Mpya (ndiyo Meksiko ya enzi zile), aliyekuwa anatoka kukaimu ugavana wa Ufilipino. Kijiji kilikuwa na watu wapatao 300, yaani waliookolewa walikuwa wengi kuliko waokoaji! Wanawake wazamiaji wa kule, wanaoitwa ama, waliwakuta ufukweni wameganda kwa baridi, wakawalalia kuwapa joto la miili yao. Wakawapa nguo na chakula. De Vivero alipelekwa hadi kwa Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyekuwa ameishika Japani baada ya Hideyoshi, na mwaka uliofuata akapewa meli iliyojengwa na Mwingereza William Adams, akarudi Meksiko pamoja na Wajapani ishirini na ushei. Hao ni miongoni mwa Wajapani wa kwanza kuvuka Pasifiki.

Nimefika Onjuku. Jirani yangu alinibeba mimi na familia yake kwenye gari dogo, Mei moja ya mapumziko, tukaendesha siku nzima na foleni. Juu ya kilima kuna mnara mweupe wa 1928, mita 17. Rais wa Meksiko wa wakati huo, José López Portillo, alifika pale 1978, mwaka ambao Onjuku na Acapulco walifanya udugu wa miji. Chini bahari inapiga miamba ile ile. Jirani hakusema kitu kwa muda mrefu. Mkewe ndiye aliyeniambia kwamba yeye alipomleta mumewe mara ya kwanza, kabla ya ndoa, alimuuliza: "Mababu zako walikuwa wanajua kwamba mtakuja tena?" Na mama mmoja mzee aliyekuwa anafagia akaja kutuuliza tunatoka wapi. Aliposikia Meksiko akashika mkono wa mtoto, akauinua kidogo, kama vile anamjua.

Mvita Nyumbani

Subhanallah. Wanawake wale. Karne ya kumi na saba, mtu usiyejua dini yake wala lugha yake, na unampa joto la mwili wako.

Msafiri Yokohama

Na mimi niongeze la kwangu, maana limo hapa mjini kwetu na nimekaa miaka kumi bila kulijua. Mwaka 1874 wanajimu wa Meksiko, wakiongozwa na Francisco Díaz Covarrubias, walisafiri mpaka Yokohama kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, tarehe 9 Desemba. Walijenga vituo vyao huku milimani. Aliporudi kwao akahimiza serikali yake ifanye urafiki na Japani. Mwaka 1888, tarehe 30 Novemba, nchi hizo mbili zikatiana saini mkataba wa usawa. Wakati huo Wazungu wote walikuwa wameibana Japani kwa mikataba ya dhuluma; Meksiko ndiyo nchi ya kwanza nje ya Asia kukubaliana nayo kama sawa kwa sawa. Japani hawakusahau. Ndiyo sababu ubalozi wa Meksiko upo Nagatacho, katikati ya serikali yote, jirani na makazi ya waziri mkuu.

Nilipita pale mara nyingi nikadhani wana pesa.

Fundi Kirumba

Uzi mtamu huu. Sasa turudi jikoni, wanakula nini? Maana mahindi ni yao, sisi tuliyapokea kutoka kwao.

Binti wa Pangani

Mkuu, umenigusa penyewe. Mahindi ndiyo yaliyotukutanisha!

Japani mahindi ni yale matamu ya njano, ya kuchemsha au kutia kwenye supu. Unga wa mahindi meupe ni wa kuagiza. Mimi nauagiza nipike ugali, naye anaagiza wake atengeneze tortilla, zile chapati zao nyembamba. Siku ya kwanza tulipokutana mlangoni, kila mmoja ana kifurushi cha unga mweupe mkononi, tulidhani tumepata ndugu. Tukabadilishana. Sembe yangu alipoikanda ikakatika katika, haishiki hata kidogo. Unga wake nilipousonga ukanuka chokaa.

Ndipo akanieleza. Kwao mahindi huchemshwa kwenye maji ya chokaa, yanalala humo usiku kucha, ganda linatoka, ndipo yanasagwa. Chokaa ndiyo inayoufanya unga ushikane uwe donge. Na tena chokaa inafungua kirutubishi fulani cha vitamini B ambacho mwili haukipati kwenye mahindi yaliyosagwa tu. Ulaya na Afrika tulichukua mahindi bila kuchukua chokaa, na walioishi kwa mahindi matupu wakapata ugonjwa wa pelagra, ngozi inabambuka na akili inavurugika. Nilimsikiliza nimesimama na mwiko mkononi.

Kila kitu kingine anakipata. Parachichi za Japani nyingi mno zinatoka kwao, zinauzwa kila duka, na anazibonyeza kama mtu anayesalimia watu wa kijijini kwake. Pilipili kavu za kutengenezea mole, mchuzi wao mzito, analetewa na wasafiri. Mkewe amejifunza kuikanda masa, lile donge la unga wa tortilla, kuliko yeye.

Nipo Muscat

Assalam aleikum. Mimi msomaji wa kimya lakini hapa nimeshindwa. Na matetemeko? Nchi zote mbili ni za matetemeko, nadhani hapo wameelewana bila mkalimani.

Binti wa Pangani

Waaleikum salaam. Ungedhani hivyo, lakini wamelelewa tofauti. Usiku mmoja simu zote zililia king'ora cha tahadhari. Mimi nikaganda. Mama mkwe wa jirani, aliyekuwa amelala kwao, akaingia chini ya meza kama alivyofundishwa tangu shule. Jirani yangu akambeba mtoto, akafungua mlango, akashuka ngazi mpaka barabarani. Baadaye wakagombana, kwa adabu lakini kwa hofu ya kweli. Yeye anatoka nchi ambayo tarehe 19 Septemba 1985 majengo ya mji mkuu yaliwalalia watu kwa maelfu, na mtoto wa kwao anafundishwa: king'ora kikilia, toka nje. Mama mkwe anatoka nchi ambayo nyumba inasimama lakini vioo na vigae vinamwagika barabarani, kwa hiyo: kaa ndani, jifunike kichwa. Kila mmoja alikuwa anaokoa maisha ya mtoto yule yule.

Tarehe 19 Septemba 2017, siku ile ile miaka 32 baadaye, tetemeko likapiga kwao Puebla. Yeye alikuwa kazini hapa. Japani ilituma waokoaji na mbwa wao. Msimamizi wake hakusema neno, alimwekea tu bahasha mezani, mchango wa idara nzima, na akamwambia akapige simu nyumbani, atasimama yeye kwenye mashine.

Fundi Kirumba

Dada, ulisema utalirudia lile neno la baba aliyeachwa mlangoni.

Binti wa Pangani

Ndiyo. Nilikuwa naogopa kuliandika, nikamwomba ruhusa jana. Amesema niandike.

Mnakumbuka 2020. Japani ilifunga mipaka hata kwa sisi wenye vibali vya ukaazi. Meksiko iliingizwa kwenye orodha ya nchi zilizofungiwa tarehe 16 Mei. Ukitoka kwenda huko, hakuna aliyekuhakikishia kwamba utaruhusiwa kuingia tena, hata kama mke na mtoto wako humu. Mwishoni mwa Mei baba yake akafariki Puebla. Binti alikuwa ananyonya. Alikaa siku mbili na pasipoti mezani. Hakwenda. Alimzika baba kwenye simu, saa nane usiku, dada yake kashika kamera na mkono unatetemeka.

Mlio mbali na kwenu mnajua kitu hiki. Sina la kuongeza.

Agosti ikafika, na Agosti huku ni Obon, siku ambazo marehemu wanarudi nyumbani kwao kutembelea. Familia inawasha moto mdogo mlangoni wauone. Wanachukua tango wanalichomeka vijiti vinne liwe farasi, marehemu aje mbio. Wanachukua bilinganya, wanalifanya ng'ombe, ili kurudi aende polepole. Na kwa mtu aliyekufa mwaka huo, Obon yake ya kwanza ni kubwa kuliko zote, inaitwa hatsubon. Unamtundikia taa nyeupe ya karatasi, kwa sababu ni mgeni kwenye njia hiyo na anaweza kupotea.

Mama mkwe ni mwanamke wa maneno machache. Sijawahi kumsikia akimsifu mkwewe hata mara moja. Jioni ile alikuja na gari moshi, na mfuko wa duka mkononi, akatundika taa nyeupe kwenye kibaraza chetu. Mkwewe akamuuliza ni ya nani. Akajibu kwa jina la baba yake. Jina kamili, yote manne, kwa mpangilio wake. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu nikamsikia. Alikuwa amemwomba binti yake amwandikie kwenye karatasi na kulisoma njiani mpaka likakaa.

Kisha akatoa matango mawili badala ya moja. Akasema kutoka Meksiko ni mbali, farasi mmoja atachoka.

Novemba ile jirani yangu akatengeneza altare ya kwao, ya Siku ya Wafu: maji, chumvi, mkate, mishumaa, na maua ya njano ya kuonyesha njia, ambayo hapa aliyapata dukani kwa mche. Katikati akaweka picha ya baba yake. Kando yake akaweka picha ya baba mkwe wake, ambaye hakuwahi kumwona, alifariki kabla hajafika Japani. Mama mkwe alipokuja akasimama pale, akatazama, akaenda jikoni akarudi na kikombe kidogo cha sake, pombe ya mchele, akakiweka mbele ya mumewe. Akafikiri kidogo. Akarudi jikoni kuleta cha pili.

Nipo Muscat

Mwenyezi Mungu awape subira wote. Nimempigia mama simu sasa hivi, Unguja.

Msafiri Yokohama

Bibie, mwulize jirani yako kama Mei ijayo mtakwenda tena Onjuku. Nitakuja na gari kubwa, tutaenea wote.